Nyumba za matofali ya kuchoma za enzi za Mjerumani (Tukuyu na jirani zake): kabla hujapiga lipu ya saruji, zisome kuta kwanza

Fundi Mwiko (mleta uzi)

Wakuu, ugonile kwa walio Rungwe, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, wengine shikamooni na mambo vipi, kila mmoja achukue inayomfaa.

Kuna mtindo umeshika kasi huku Nyanda za Juu Kusini. Ukoo, kanisa au shule ikipata fedha kidogo, nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma inapigwa lipu ya saruji kuanzia msingi hadi kwenye kenchi, rangi ya krimu juu yake, picha zinarushwa kwenye magrupu. Masika mawili matatu yakipita lipu inaanza kuvimba. Ikidondoka, inaondoka na uso wa tofali. Tofali lililovumilia mvua za Rungwe zaidi ya miaka mia linageuka unga, na fundi anamwambia mwenye nyumba, "haya matofali ya zamani yamechoka."

Yamechoka wapi! Yamezibwa pumzi, na hilo ndilo nataka tulijadili.

Nina nyumba moja mkononi sasa hivi, pembeni mwa mji wa Tukuyu kuelekea mlimani. Siitaji na siweki picha ya mbele kwa sababu kuna familia inaishi humo. Wameniita nipige lipu hiyo hiyo, nikawaomba kwanza tuikague. Nawawekea niliyoyaona.

Anza na futikamba. Tafuta tofali ambalo kona zake hazijaliwa, lipime. Hapa lina urefu wa sentimita 25, upana 12, unene 6 na nusu. Hicho ni kipimo ambacho Wajerumani walikifanya cha taifa lao mwaka 1872, na mafundi wao wakaja nacho. Mwingereza tofali lake ni inchi 9 kwa 4 na nusu kwa 3 ukihesabu na udongo wa kuunganishia, kwa hiyo lenyewe ni fupi kidogo na nene kidogo. Ukuta wa Mjerumani wa tofali moja na nusu unatoka sentimita 38, wa Mwingereza unatoka inchi 13 na nusu, yaani kama sentimita 34. Simama kwenye fremu ya mlango upime unene wa ukuta, utapata jibu kabla hujamsumbua mzee yeyote. Ila tahadhari: misheni walikuwa na maseremala wao na kalibu zao za mbao (fremu za kufyatulia matofali), na kalibu ya Mjerumani haikuacha kufyatua matofali siku Mwingereza alipoingia. Kipimo kinakuambia kalibu ni ya nani, mwaka hakikuambii.

Sasa rudi nyuma kidogo utazame kozi, yaani safu za matofali. Kozi moja matofali yamelala kwa urefu, inayofuata unaona vichwa tu, inayofuata urefu tena. Kile kichwa ni tofali lililopita kwenda ndani likashika tabaka la nje na la katikati pamoja. Ukuta huu hauna nondo wala linta ya zege inayozunguka nyumba, vichwa ndivyo vinaushika usigawanyike kama kitabu kilichotoka gundi. Ndiyo maana fundi akikuambia "tung'oe hivi vichwa vilivyopasuka tubandike vipande," mkatalie. Kikitoka kimoja kiingie kizima, kwa urefu wake wote.

Jambo ambalo watu wa umeme hawalijui: tanuru la zamani, kama la leo, halikuivisha sawasawa. Tofali la karibu na midomo ya moto linaiva hadi linalia ukiligonga, la pembezoni linabaki jekundu hafifu na laini. Waashi wale hawakulitupa lile laini, walilificha katikati ya ukuta mnene na kuweka lililoiva nje na ndani. Kwa hiyo ukipitisha grainda kutengeneza njia ya waya, ukishavuka uso tu unakutana na tofali unaloweza kulichimba kwa ufunguo. Kwenye nyumba hii mtu ameshachimba mfereji wa waya kutoka darini hadi kwenye swichi, na pembeni mwake ukuta umeanza kumwagika vumbi jekundu kila mlango ukibamizwa. Waya kwenye nyumba hizi upite juu ya ukuta, ndani ya trankingi. Haipendezi sana lakini nyumba inabaki.

Juu ya madirisha hakuna linta. Kuna tao bapa: matofali yamesimamishwa wima, yamekaa kimshazari kidogo, kila moja likimbana mwenzake, na uzito wa juu unasukumwa pembeni kwenye mabega ya ukuta. Likikaa hivyo halihitaji chuma wala mbao. Ukitaka kulitanua dirisha uweke la aluminiamu ukagusa bega moja, tao linakosa pa kuegemea na kila kilicho juu yake kinakuja.

Halafu dohani, bomba la moshi. Walioizoea pwani hawaelewi kwa nini nyumba ya Mjerumani huku ina dohani wakati ile ya Bagamoyo haina. Waulizeni wanaolala Tukuyu mwezi wa Juni na Julai. Hii nyumba ina dohani moja katikati inayohudumia vyumba viwili, mgongo kwa mgongo, kwa hiyo ukuta wa ndani wenyewe unapata joto. Tatizo lake liko juu, pale inapotokeza kwenye bati: ndipo maji yote ya nyumba hii yanapoingilia. Doa la ukutani ambalo familia wanaliita unyevu wa msingi linaanzia kule, sio chini.

Paa ni bati. Msilidharau bati la zamani. Mizigo ya Tukuyu, enzi ukiitwa Neu Langenburg, ilipitia Ziwa Nyasa, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao Hermann von Wissmann tangu 1893. Kutoka ufukweni hadi Tukuyu ni kupanda zaidi ya mita elfu moja, na kilichopanda kilipanda kichwani kwa mtu. Udongo, mawe na mbao vilikuwepo hapa hapa. Ndiyo sababu unaona kuta za anasa, sentimita 38, na paa la kubana matumizi lenye papi (mbao za kupigilia bati) zilizoachana mno.

Naishia hapa kwa sasa. Habari ya chokaa nitaileta nikiona kuna wanaosoma.

Chuma cha Uyole

Mkuu tunasoma, shusha. Mimi nafyatua matofali Uyole na nakubali hiyo ya tanuru. Sisi siku hizi tunachoma kwa pumba za mpunga kutoka Usangu na Kyela kwa sababu kuni ni ghali na miti yenyewe iko wapi. Pumba zinaiva vizuri ukijua kuzilisha taratibu, tatizo letu ni haraka. Mteja anataka matofali wiki hii, tunalichoma likiwa na maji ndani, linapasuka. Wale wa zamani walilikausha kivulini hadi linakuwa jepesi mkononi.

Swali: mbona nyumba hiyo haina linta na haijaanguka kwenye matetemeko ya huku? Babu yangu alikuwa akisimulia tetemeko lililoangusha nyumba za wazungu.

Mti Mkavu

Samahani lakini mimi sielewi huu ushabiki. Nyumba ya mkoloni, imejengwa kwa viboko, leo tunaililia isipigwe lipu? Ivunjwe, matofali yajengee choo cha shule. Hela ya kutunza makumbusho ya watu waliotutesa tunayo?

Fundi Mwiko (mleta uzi)

Mti Mkavu, nakujibu wewe kwanza kwa sababu swali lako ni la haki.

Kodi ya nyumba katika koloni la Mjerumani ilianza kutozwa mwaka 1898. Mwenye nyumba ya mianzi alitakiwa alipe, asiye na fedha akaitwa kufanya kazi. Yaani mtu alitozwa kwa sababu ana nyumba, akaenda kulipa deni kwa kujenga nyumba ya mwingine. Hilo silifichi na sitaki lifichwe na lipu.

Lakini tazama mikono. Mjerumani mmoja na kitabu chake hawezi kufyatua, kukausha, kuchoma na kupanga matofali ya nyumba nzima. Kwenye ukuta wa nyuma wa hii nyumba, chini ya dirisha la stoo, kuna tofali lenye alama za vidole vinne, mtu alilibeba likiwa bichi. Vidole vyembamba, pengine kijana. Tukivunja tujenge choo, anayefutika pale ni huyo kijana, gavana hana habari.

Na wenyeji wa hapa hawakuanza kujua nyumba siku ile. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Unyakyusa mwaka 1879, miaka kumi na mbili kabla misheni za Moravian na Berlin hazijafika 1891, alizisifia sana nyumba za mianzi na udongo alizozikuta na usafi wa vijiji vyake. Waashi wa kwanza wa misheni walitoka kwa watu hao hao waliokuwa wanaujua udongo tayari.

Chuma, habari ya tetemeko. Lile kubwa lilikuwa tarehe 13 Desemba 1910, kitovu upande wa Rukwa, ukubwa wa karibu 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki. Babu hakutia chumvi. Na kwenye nyumba hii kila mtu anakuonyesha ufa mmoja mrefu uliosimama wima pale jiko linapoungana na nyumba kubwa, anakuambia "tetemeko la Mjerumani hilo."

Nikaweka futikamba upande wa jikoni. Matofali ya inchi! Jiko ni la kalibu ya Mwingereza, na Mwingereza ameingia Tukuyu Mei 1916 na jeshi lake chini ya Jenerali Northey. Tetemeko la 1910 haliwezi kupasua jiko ambalo halijajengwa. Ufa ule ni kwamba aliyeongeza jiko hakutoboa ukuta wa zamani ili kozi zishikane meno kwa meno, amekuja akaegemeza tu. Majengo mawili yamesimama bega kwa bega tangu hapo, kila moja linakaa kwenye msingi wake linavyotaka. Ufa huo hauzibwi kwa saruji, utafunguka tena pembeni. Unauacha uwe kiungo, unaujaza kitu laini kinachozuia maji.

Hata hivyo usinielewe vibaya kwamba ukuta usio na linta ni salama hapa. Tumekaa kwenye bonde la ufa. Mafundi wa leo kusisitiza linta ya zege wako sahihi kabisa.

Dada wa Kihesa

Kamwene mkuu. Mti Mkavu, njoo Iringa mjini uone jengo la Boma. Wajerumani walilijenga 1914 liwe hospitali ya kijeshi, Waingereza wakalifanya ofisi za utawala, baada ya uhuru likaendelea kuwa la serikali, na tangu 2016 ni makumbusho. Ndani yake sasa wanafunzi wanasoma habari za Mkwawa na Lugalo, kwenye jengo la hao hao waliopigana naye. Ukilivunja unawapeleka wapi? Mimi naona kisasi kitamu kuliko hicho hakuna.

Kingine, nenda Tosamaganga. Kule paa ni vigae vya udongo vyekundu, misheni walivichoma wenyewe. Fundi, kwa nini Tukuyu hawakufanya vigae?

Fundi Mwiko (mleta uzi)

Dada, kigae ni kizito. Kinataka kenchi nene na mwinamo mkali, na hata hivyo mvua ya Tukuyu inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, mara kadhaa ya mvua ya Iringa. Kigae kinakunywa maji, kinaota kuvu, kikipasuka kimoja huoni hadi dari ioze. Iringa pakavu na kuna jua, kigae kinafaa. Sisemi hakuna aliyejaribu huku, nasema bati lilishinda.

Haya, chokaa.

Chukua ndimu. Kwangua udongo wa kuunganishia katikati ya matofali, mahali ambapo mvua haifiki, chini ya baraza pazuri. Weka ule unga kwenye kisahani, kamulia ndimu. Ukichemka na kutoa povu, kuna chokaa. Ukikaa kimya, ni udongo mtupu. Hapa kwangu kuna vyote viwili: ndani ya ukuta wamepangia udongo, nje wakaziba mistari kwa chokaa na mchanga. Ni akili ya fedha, chokaa imewekwa panaponyeshewa tu.

Chokaa ni jiwe lililochomwa kwenye moto wa karibu nyuzi 900 hadi hewa ya ukaa itoke, likazimwa kwa maji, kisha likaachwa liivute hewa ile ile irudi taratibu na kuwa jiwe tena. Linakauka polepole na linabaki laini kuliko tofali. Huo ulaini ndio kazi yake. Unyevu ukipanda kutoka ardhini, au ukiingia kwenye dohani, unatafuta njia rahisi ya kutokea, unatokea kwenye mistari ya chokaa. Chumvi zinazobebwa na maji zinaganda pale. Baada ya miaka mingi mstari unalika, unakwangua sentimita mbili, unajaza upya, tofali halijaguswa.

Ukipiga saruji juu, njia imefungwa. Maji yanabaki ndani ya tofali, chumvi zinaganda nyuma ya lipu, zinatanuka, zinamenya uso wa tofali kama ngozi. Uso ndio ulioiva zaidi. Ukishaondoka unabaki na ndani ya tofali iliyo laini zaidi, na nyuma yake lile tofali laini nililowaambia limefichwa, na hilo halina ubavu wa kupambana na mvua.

Kwa hiyo kazi niliyowapendekezea wenye nyumba ni ya kawaida kabisa: kubandua saruji ya chini iliyokwishapigwa, kuziba upya mistari kwa chokaa moja mchanga tatu, mchanga mkali uliochekechwa, na kuufunika ukuta kwa magunia yenye maji jua lisilikaushe haraka. Na kabla ya yote hayo, kuziba pale dohani inapotoboa bati, na kuchimba mtaro ili maji ya paa yasimwagikie msingi. Hayo mawili ya mwisho ni nusu ya ugonjwa, na hayahitaji fundi wa mambo ya kale.

Kijana wa Masoko

Mzee, tuacheni utani. Mjerumani hakuacha kitu chini ya sakafu? Maana huku kwetu, kwenye ziwa Masoko, wanasema alitumbukiza masanduku. Na kuna watu walikuja kwa jirani na mashine ya kupima.

Fundi Mwiko (mleta uzi)

Nilijua itafika hapa, hahaha.

Sikiliza mdogo wangu. Sarafu za dhahabu za Mjerumani ambazo kila mtu anaziota, zile za rupia 15 zenye tembo, zilipigwa Tabora kwenye karakana ya reli mwaka 1916. Miezi hiyo hiyo Waingereza walikuwa wanaingia Tukuyu. Nani alizitoa Tabora, akavuka nchi yenye vita, akaja kuzifukia chini ya chumba cha kulala cha mmisionari kabla ya Mei? Piga hesabu.

Ila mashimo ni ya kweli. Kwenye nyumba hii wamechimba mara mbili, usiku, pembeni mwa dohani na kwenye kona ya kaskazini. Kona ile sasa imezama na tao la dirisha la karibu limefungua mdomo ukubwa wa kidole. Mvua na muda wamefanya kazi miaka yote hiyo wasiweze, chepeo la usiku mmoja limeweza. Hao wa mashine wakija kwa jirani yenu tena, mwambie awaulize watalipa msingi kiasi gani.

Wakili Njiani

Niongeze upande wa sheria maana watu wanadhani nyumba ikiwa ya Mjerumani basi serikali inailinda moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Mjerumani alikuwa hata hajafika. Jengo la baada ya hapo linalindwa pale waziri anapolitangaza rasmi kwenye Gazeti la Serikali. Nyumba nyingi za misheni na za familia hazijatangazwa, kwa hiyo aliye na hati ndiye anayeamua. Jambo la kwanza la kufanya ni kuandika barua kwa afisa utamaduni wa halmashauri, ukiambatanisha picha na vipimo kama hivi alivyoweka mkuu hapa.

Mti Mkavu

Sawa, hiyo ya vidole imenikamata. Bado nasema shule inahitaji choo. Lakini huyo kijana asivunjwe.

Chokaa unaipata wapi na ni bei gani? Huku kwetu dukani wanakuuzia ya kupaka mipakani mwa uwanja wa mpira.

Fundi Mwiko (mleta uzi)

Hiyo ya uwanja ikishakaa dukani miezi gunia wazi imeshakufa, haishiki kitu. Nenda Songwe, kuna mawe ya chokaa na watu wanachoma kwenye matanuru. Nunua ile ya mabonge, haijazimwa, uizime mwenyewe kwenye pipa la chuma. Usitumie plastiki, maji yanachemka kweli kweli, na vaa miwani, nimeona mtu amepofuka jicho. Iache iloe chini ya maji wiki kadhaa, ikizidi kukaa ndivyo inavyolainika. Bei inapanda na kushuka kwa nauli ya lori kuliko kwa chokaa yenyewe, kwa hiyo tukiungana watu watatu wanne wa Rungwe tubebe mzigo mmoja itatoka nafuu. Mimi nahitaji tani moja kabla ya mvua za Novemba. Mwenye kuhitaji aandike hapa kiasi chake.

Chuma cha Uyole

Niandikie nusu tani. Na nina lori la jirani linarudi tupu kutoka Tunduma kila Alhamisi, linapita hapo hapo.